TAHADHARI: Flashi za "2TB" zinazozunguka Kigoma, na mafundi wanaodai watakurudishia mafaili

Wana Kigoma, hasa wenye studio za picha, steshenari, walimu na makatibu wa vikundi vya kukopeshana, someni hili. Kuna flashi zinazunguka mjini, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, zimeandikwa 1TB au 2TB (TB moja ni GB elfu moja). Bei yake elfu ishirini, ishirini na tano, na ukibembeleza unapewa hata kwa kumi na tano. Nyingine zinatangazwa kwenye magrupu ya WhatsApp: unatuma pesa, mzigo unapandishwa basi. Msinunue. Na aliyekwisha kununua asiweke humo kitu ambacho hana nakala yake mahali pengine.

Muuzaji hana wasiwasi ukitaka kuijaribu. Ataichomeka kwenye laptopu yake mbele yako, afungue, uone TB zako zote zimekaa. Atakunakilia wimbo, uupige, uimbe. Jaribio hilo halithibitishi chochote. Ndani ya flashi kuna chipu ya kuhifadhi, na kuna chipu nyingine ndogo inayoiongoza. Hiyo ndogo ndiyo huiambia kompyuta ukubwa wa nafasi, na kompyuta haipimi, inapokea tu inachoambiwa. Waliotengeneza mizigo hii wameichezea ile chipu ndogo iseme 2TB, wakati nafasi iliyomo kweli mara nyingi ni GB 16, 32 au 64.

Ndiyo maana watu wanasema "mbona mwezi wa kwanza ilifanya kazi vizuri?" Ilifanya kazi kwa sababu hujafika mwisho wa nafasi ya kweli. Ukiweka harusi mbili za GB 12 kwenye flashi yenye GB 32 za kweli, zote zinafunguka. Harusi ya tatu inavuka mpaka. Kuanzia hapo, flashi nyingine huzungusha maandishi kurudi nyuma na kufuta ya zamani, nyingine hupokea data na kuitupa. Kompyuta haioni kosa lolote. Mstari wa kunakili unafika asilimia 100 kama kawaida.

Kinachowachanganya watu zaidi ni kwamba majina ya mafaili yanabaki. Orodha ya majina, tarehe na ukubwa huandikwa sehemu ya mwanzo ya flashi, na sehemu hiyo ni ya kweli. Kwa hiyo unafungua folda, unaona picha 640, kila moja na MB zake, unatulia. Ukibofya, picha inatoka nusu ya juu, nusu ya chini ni kijivu kitupu. Video haianzi. Faili la Word linasema limeharibika. Na usijidanganye kwa kufungua faili mara tu baada ya kulinakili, maana kompyuta inaweza kuwa bado imelishika kwenye kumbukumbu yake na ikakuonyesha kutoka huko. Chomoa flashi kwa utaratibu, ichomeke tena, ndipo ufungue.

Zile za umbo la "SSD ya nje" (SSD ni diski ya chipu, isiyo na vyuma vinavyozunguka), kasha la chuma lililoandikwa TB 8 au 16, ni zile zile. Zilizofunguliwa zimekutwa na memori kadi ndogo moja au mbili zimechomekwa kwenye kibao chembamba cha saketi na kushikizwa kwa gundi ya moto. Kasha zito lisikudanganye, uzito si nafasi. Chungulia pia mdomo wa USB. Rangi ya buluu kila mtu anaweza kuiweka. USB 3 ya kweli ya umbo la kawaida ina pini tisa: nne bapa kwa mbele, na tano ndogo nyuma yake. Ukiona nne tu ndani ya plastiki ya buluu, mrudishie mwenye mali. Na jina la kampuni kubwa kwenye pakiti lisikupe imani, majina hayo ndiyo yanayoigwa zaidi. Flashi ya kweli ya 2TB ipo duniani, Kingston waliitangaza mwaka 2017, lakini haijawahi kuwa kitu cha elfu ishirini.

Jinsi ya kuipima. Kwenye Windows tumia programu ya bure iitwayo H2testw. Ikifunguka kwa Kijerumani, chagua Kiingereza juu. Hakikisha flashi ni tupu, kwa sababu kama ni feki, kupima kwenyewe kunaweza kufuta kilichomo. Chagua flashi, weka kiasi cha MB 70,000, kisha bonyeza cha kuandika na kuhakiki. Kwa flashi inayoandika MB 8 kwa sekunde, kuandika kunachukua kama saa mbili na nusu, kisha inasoma tena yote. Hakikisha laptopu ina chaji ya kutosha, umeme ukikatika katikati unaanza upya. Mwisho inakuandikia ni kiasi gani kiko sawa na kiasi gani kimepotea. Ikionyesha GB 29 nzima na nyingine zote zimepotea, umeshika flashi ya GB 32 iliyovishwa jina la 2TB. Ikipita GB 70 bila kosa, bado hujamaliza: chukua muda upime ukubwa wote, na kwa 2TB hiyo ni karibu siku tatu kwa kuandika tu. Wa Linux na Mac wana programu iitwayo F3, kazi ni ile ile.

Msichanganye hilo na tofauti ya kawaida ya hesabu. Flashi halali ya GB 64 Windows huionyesha kama 59, na diski halali ya 1TB huonyesha 931. Hapo hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Sasa mtego wa pili, ambao unauma kuliko wa kwanza. Mtu akishagundua picha hazifunguki, anatokea fundi anayesema ana programu maalumu, toa elfu hamsini ya kutangulia. Kwa flashi feki, data iliyovuka nafasi ya kweli HAIPO. Iliyotupwa haikuandikwa popote, na iliyofutwa na maandishi mapya imefutwa. Hakuna programu, hakuna fundi wa Kigoma wala wa Dar es Salaam anayeweza kuitoa. Programu zao zitakuonyesha orodha ndefu ya majina, kwa sababu majina yapo, na hiyo orodha ndiyo anayokupigia picha kukuonyesha "nimezipata". Mwambie afungue faili tatu za mwisho kunakiliwa mbele yako, kabla hujatoa hata shilingi.

Kinachookoleka kipo mahali pengine, na hapo ndipo haraka inahitajika. Kama picha zilitoka kwenye kamera, itoe memori kadi ya kamera SASA HIVI na usipige picha nyingine hata moja. Kufuta au kufomati ndani ya kamera mara nyingi huondoa orodha tu, picha zinabaki mpaka ziandikiwe juu. Chomeka kadi kwenye kompyuta. Windows ikitaka kuikagua na kuirekebisha, kataa. Endesha PhotoRec, programu ya bure ya kurudisha mafaili yaliyofutwa, na uielekeze ihifadhi inachopata kwenye diski ya kompyuta, kamwe si kwenye kadi ile ile. Majina ya zamani hayatarudi, yatatoka majina ya herufi na namba, lakini picha utazipata kama hazijaguswa. Angalia pia pipa la taka la kompyuta ulikohamishia, na simu za wateja uliowatumia.

Kwa laptopu iliyofutwa vitu, usikubali "kupiga window" kabla data haijatolewa, kila faili jipya linakalia la zamani. Na kama laptopu ni ya SSD, TRIM, yaani amri ya kuisafisha nafasi ya vitu vilivyofutwa, huweza kuvifuta kabisa ndani ya muda mfupi, kwa hiyo izime mara moja. Diski inayogonga tak-tak ni ugonjwa wa vyuma, si wa programu. Izime, usiifungue, usiipige kofi.

Bekapu inayostahili jina hilo ni nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje iliyopimwa, moja nje kabisa ya jengo. Kwa daftari la kikundi na mitihani, GB 15 za bure za akaunti ya Google zinatosha sana. Kumbuka barua pepe na picha za simu zinakula humo humo. Kwa studio hazitoshi, nunua diski ya pili na uilaze nyumbani. Flashi, hata iliyo halali, ni ya kubebea, si ya kutunzia.

Mkinunua, dai risiti ya EFD yenye ukubwa ulioandikwa, na mkubaliane kwa maandishi kwamba mtapima na kurudisha ndani ya siku saba. Asiyekubali, ondoka. Aliyekutapeli kwa simu, tuma namba yake kwenda 15040 na uende polisi na ujumbe wa malipo, picha ya tangazo na matokeo ya H2testw. Bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani.

Na flashi yenyewe usiitupe wala kumpa mtoto aende nayo shule. Iandike kwa kalamu isiyofutika "FEKI, GB 32", uiweke pamoja na risiti mpaka malalamiko yaishe.