TAHADHARI: Msafirishaji wa wazee wa viti mwendo asiye na leseni ya kaunsili

Ndugu zangu wa hapa Midlands, na nyote mlio Uingereza mnaouguza wazee, naomba msome hadi mwisho kisha mpeleke kwenye magrupu ya familia.

Kuna mtu anatangaza kwenye WhatsApp usafiri wa wagonjwa wa viti mwendo: hospitali, msikitini, kanisani, hata uwanja wa ndege. Kiswahili chake kizuri, ana adabu kwa wazee, na bei yake iko chini ya teksi. Sharti lake ni kulipwa mwezi mzima mbele, pesa zitumwe kwenye akaunti yake binafsi. Familia ninazozijua zimemlipa. Siku za mwanzo alifika vizuri, kisha vikaanza visingizio vya gari kuharibika, sasa simu hapokei. Mmoja wa waliolipiwa ni bibi anayesafishwa figo hospitalini mara tatu kwa wiki. Mgonjwa wa hali hiyo akikosa gari, maji na uchafu vinajaa mwilini, na hilo linaweza kumuua.

Jina lake siliweki hapa kwa kuwa taarifa iko mikononi mwa kaunsili. Ila mbinu zake zijueni, kwani anaweza kurudi na namba nyingine.

Ukimwuliza leseni, anakutumia picha ya cheti chenye jina la kampuni, namba na muhuri. Ni cheti cha Companies House, ofisi ya serikali inayoandikisha kampuni, na ni cha kweli kabisa. Hapo ndipo watu wanaponasa. Cheti hicho kinasema tu kwamba kampuni imeandikishwa. Hakimruhusu mtu kubeba abiria hata mmoja kwa malipo. Ukimbana zaidi anasema yeye anasaidia jamii tu na anachangiwa mafuta, au kwamba ana kibali cha usafiri wa kijamii. Kibali cha aina hiyo kipo, kinatolewa chini ya kifungu cha 19 cha sheria ya uchukuzi ya 1985, lakini ni cha taasisi zisizofanya biashara ya faida, kama vile mashirika ya hisani. Mtu anayetoza kwa mwezi na kuingiza pesa mfukoni mwake hawezi kujificha humo.

Ruhusa ya kubeba abiria kwa gari la kukodi inatolewa na kaunsili, chini ya sheria ya 1976 kwa England na Wales, na kwa London inatolewa na TfL, mamlaka ya usafiri ya jiji hilo. Kwa gari linaloagizwa kwa simu zinatakiwa leseni tatu: ya anayepokea oda, ya gari lenyewe, na ya dereva. Zote tatu lazima zitoke mamlaka moja. Gari lenye leseni, kwa kawaida, lina kibao cha kaunsili nyuma chenye namba na tarehe ya mwisho. Hili la mtu wetu halina kitu.

Watu wanasema, leseni ni karatasi tu, muhimu ni mzee afike. Hapana. Dereva mwenye leseni amepekuliwa rekodi zake, pamoja na orodha ya waliokatazwa kufanya kazi na watu walio dhaifu. Na huyu bwana anaomba namba ya kisanduku cha funguo cha mlangoni, ati amtoe mzee bila kusumbua majirani! Namba ile ndiyo nyumba yenyewe. Mliompa, ibadilisheni leo.

Halafu kuna gari. Nililichungulia ndani akimshusha bibi. Kiti mwendo kinatakiwa kifungwe sakafuni kwa mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, na aliyekaa afungwe mkanda wake mwenyewe wa kiunoni na begani. Mle mlikuwa na mikanda miwili ya nyuma, na bibi hakufungwa chochote. Breki moja kali, kiti kinaruka na mtu wake. Lifti ya gari ya kupandishia watu, ikitumika kikazi, inatakiwa ikaguliwe na mtaalamu kila miezi 6. Hati ya ukaguzi hana. Bima ya kawaida ya gari la nyumbani nayo haimhusu abiria wa kulipa, kwa hiyo siku ya ajali mtaanza kusumbuana na kampuni ya bima huku mgonjwa yuko wodini.

Tena anatoza pesa ya ziada anayoiita ya kiti. Tangu 28 Juni 2022 dereva wa teksi au gari la kukodi haruhusiwi kumwongezea abiria bei kwa sababu ya ulemavu wake, na akifanya hivyo anaweza kutozwa faini hadi pauni 1,000.

Kabla ya kumlipa yeyote, mwombe namba za leseni zote tatu na jina la kaunsili iliyozitoa, kisha uzihakiki mwenyewe. Kaunsili zina rejista, nyingi ziko mtandaoni, na TfL ina yake. Anayekasirika kwa kuulizwa, muache.

Na kwa wagonjwa wa figo wa England: mwongozo wa NHS (huduma ya afya ya taifa) wa 2022 unawapa wanaosafishwa hospitalini haki ya kusaidiwa usafiri au kurudishiwa gharama. Waulizeni wauguzi wa kitengo. Inauma kuona bibi analipa kwa akiba yake kitu ambacho angekipata bure.

Mliokwisha kutuma pesa, pigeni simu benki na mseme wazi kuwa mmetapeliwa. Tangu 7 Oktoba 2024 benki za hapa zinawajibika kumrudishia aliyelaghaiwa kutuma pesa kwa akaunti nyingine ya hapa nchini, ikiwa ataripoti ndani ya miezi 13, ingawa benki inaweza kukata hadi pauni 100. Wekeni meseji zake zote, risiti na picha za gari. Kisha andikieni kitengo cha leseni cha kaunsili yenu, na polisi kwa 101.

Najua wengine mnaona muhali kwa kuwa ni mtu wetu. Bibi naye ni wetu. Mwenye ushahidi na asiyejua Kiingereza cha kuandika barua, anitumie ujumbe faragha, tutaiandika pamoja.