Bunduki za Urithi Kutoka Indiana Hadi Iowa: Tathmini ya Huduma ya Fundi Mmoja

Baba mkwe wangu alifariki Indiana, Marekani, na wosia wake uliposomwa tulikuta ameniachia bunduki mbili: Winchester Model 94 inayotumia risasi za .30-30, na Remington 870 ya marisau ambayo alikuwa akiwindia bata. Bastola yake aliachiwa shemeji yangu, ambaye anaishi Indiana na ndiye msimamizi wa mirathi, kwa hiyo haikuwa na safari. Hizi mbili zilikuwa na safari, kwa kuwa mimi na mke wangu tunaishi Des Moines, Iowa, na katikati kuna jimbo zima la Illinois. Tathmini hii ni ya duka dogo la fundi bunduki lililoko magharibi ya Indianapolis, karibu na barabara kuu ya I-74, ambako tulilipia kukaguliwa, kuorodheshwa na kufungashwa kwa silaha hizo kabla ya kuondoka.

Hatukufika kwake moja kwa moja. Tulianzia kwenye duka kubwa zaidi mjini, ambalo sitalitaja, na kijana wa kaunta alituambia kwamba kila bunduki lazima itumwe kutoka kwa muuzaji mwenye leseni hadi kwa muuzaji mwingine mwenye leseni kule Iowa, kwa dola 95 kila moja, bila kuhesabu ada ya duka litakalozipokea. Nilipomwambia kwamba sikuzinunua bali nimezirithi, alijibu kwamba sheria ni ile ile. Sheria si ile ile. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inamzuia mtu asiye na leseni ya biashara ya silaha kuingiza katika jimbo lake bunduki aliyoipata katika jimbo jingine, na ndiyo maana laiti mzee angenizawadia Winchester hiyo akiwa hai, ingebidi ipitie kwa muuzaji mwenye leseni, nami nijaze fomu na kuchunguzwa kama mnunuzi yeyote. Lakini sheria hiyo hiyo imewatoa warithi katika katazo hilo: silaha iliyopatikana kwa wosia, au kwa mgawanyo wa mali ya marehemu asiyeacha wosia, mrithi anaweza kuichukua mwenyewe na kurudi nayo nyumbani, mradi awe mtu anayeruhusiwa kumiliki silaha na silaha yenyewe iwe halali katika jimbo anakoishi. Kwa mimi niliyekulia Tanga, ambako nilizoea kusikia kwamba mwenye bunduki akifariki silaha yake hukabidhiwa polisi, jambo hili lilinishangaza, na sioni haya kukiri kwamba niliusoma wosia mara tatu nikiamini kuna ukurasa uliopotea.

Fundi wa duka la pili ni mzee wa makamo asiyependa maneno mengi. Alitusikiliza, akaomba kuuona wosia na barua ya mahakama iliyomteua shemeji kuwa msimamizi, kisha akatuambia waziwazi kwamba hatuhitaji kumlipa ili atume chochote. Aliongeza kwamba hata kampuni kubwa za kusafirisha vifurushi hazipokei bunduki kutoka kwa mtu wa kawaida asiye na leseni, hivyo aliyetaka kuokoa safari kwa njia hiyo angejisumbua bure. Alichoshauri ni kwamba tumwachie silaha hizo azitazame kwa nusu saa huku tukisubiri. Nusu saa hiyo ilikuwa na sababu yake: kazi inayomalizika papo hapo huku mwenye silaha akisubiri haimlazimu fundi kuiandika kwenye daftari lake la silaha zinazoingia na kutoka, ilhali bunduki ikilala dukani usiku mmoja lazima iandikwe.

Hapo ndipo huduma hii ilipopata thamani yake. Shemeji alikuwa amekwisha kutuhakikishia kwamba Winchester haina kitu. Aliuvuta wenzo wake mara sita au saba mbele yetu nyumbani na hakuna risasi iliyotoka. Fundi naye aliuvuta, akapata matokeo yale yale, lakini hakuridhika. Katika bunduki ya aina hii risasi hulala zikifuatana ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, na springi ndiyo inayozisukuma kurudi nyuma kila wenzo unapovutwa. Alifungua skrubu ndogo kwenye ncha ya bomba, akaitoa springi iliyokuwa imeota kutu rangi ya matofali, akaiinua bunduki na kuigonga taratibu kwa kiganja. Risasi moja ikateleza na kuangukia juu ya kitambaa cha meza, shaba yake ikiwa imegeuka kijani. Hakuna aliyesema neno. Mke wangu alikaa kwenye kiti, kwa kuwa bunduki hiyo ilikuwa imeegemezwa nyuma ya mlango wa chumba cha kufulia tangu utoto wake.

Ningependa msomaji alipime jambo hilo kisheria pia, si kwa hofu peke yake. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inamlinda msafiri anayepita katika jimbo lenye masharti makali ikiwa silaha ni halali anakotoka na anakokwenda, ikiwa haina risasi, na ikiwa silaha na risasi haziwezi kufikiwa kwa urahisi kutoka sehemu ya abiria. Kwa gari lisilo na buti lililotengwa, kama letu ambalo nyuma kumeungana na viti, vyote lazima viwe ndani ya kasha lililofungwa kwa kufuli, na kisanduku cha dashibodi au kile kilicho kati ya viti vya mbele havihesabiwi kuwa kasha. Illinois yenyewe inawataka wakazi wake wawe na kitambulisho maalumu cha kumiliki silaha, lakini humwachilia mgeni ambaye bunduki yake haina risasi na imo ndani ya kasha. Tungepita na ile risasi moja ndani ya bomba, tusingekuwa na ulinzi wa sheria yoyote kati ya hizo, na maneno ya shemeji yasingetusaidia mbele ya askari.

Remington haikuwa na kisa. Ndani ya bomba lake fundi alikuta kijiti cha mbao kinachowekwa ili isibebe zaidi ya risasi tatu, kama kanuni za kuwinda ndege wanaohama zinavyotaka, akakiacha palepale. Kuhusu Winchester alitueleza kwamba ni ya kabla ya mwaka 1964, ambapo kiwanda kilibadilisha namna ya kuitengeneza, na kwamba wakusanyaji huzithamini za zamani. Akatusihi tusiipake mafuta ya kung'arisha mbao wala kuikwangua kutu kwa msasa.

Baada ya hapo alituandalia karatasi moja yenye aina ya kila bunduki, namba iliyochongwa kwenye chuma chake, na picha mbili, shemeji akaitia sahihi kama msimamizi kuonyesha kwamba amenikabidhi kwa mujibu wa wosia. Sheria ya shirikisho haidai karatasi hiyo. Hata hivyo niliibeba pamoja na nakala ya wosia, na nililala vizuri zaidi kwa ajili yake. Risasi za marisau zilizobaki alizitia katika kisanduku chao chenye kufuli mbali na bunduki, ingawa ile ya kijani alibaki nayo akisema haifai hata kutazamwa.

Safari yenyewe haina mengi. Tulishika I-74 kupitia Champaign na Peoria, tukasimama mara moja kujaza mafuta, tukavuka mto Mississippi kwenye daraja jipya la Bettendorf, na kutoka hapo I-80 hadi nyumbani. Hatukulala njiani kwa makusudi, kwa kuwa ulinzi wa sheria ile ni wa mpita njia.

Malipo yalikuwa dola 60 kwa bunduki zote mbili, na dola 140 nyingine kwa kasha gumu tulilolinunua hapo hapo. Kwenye kasha ndiko ninakopunguza alama. Sifongo lake la ndani lilikuwa limekatwa kwa umbo la bunduki za kisasa, hivyo kitako cha Winchester kilibaki kikicheza hadi tulipokishindilia kwa taulo, na bei yake niliiona baadaye kuwa chini kwa dola 30 kwingineko. Fundi pia hapokei kadi, na duka hufungwa Jumapili na Jumatatu, jambo linalomsumbua mtu aliyekuja mazishini kwa siku chache.

Huduma hii isichukuliwe kuwa inamfaa kila mrithi. Anayeishi nchini kwa viza ya muda, mathalani ya masomo, kwa kawaida hawezi kumiliki silaha hata akiachiwa kwa wosia, isipokuwa awe na leseni ya kuwinda au mojawapo ya ruhusa chache za namna hiyo, na ni afadhali amuulize wakili kabla ya kuigusa. Anayekwenda California, New York au New Jersey atakuta taarifa, vibali na makatazo ya jimbo ambayo fundi wetu alisema wazi kwamba hayajui vizuri. Na ukikuta kwenye kabati la marehemu bunduki ya rashasha au yenye mtutu uliofupishwa, hata ikiwa imesajiliwa, yeye hatakugusia kazi hiyo: kwa iliyosajiliwa, msimamizi wa mirathi huomba uhamisho kwa idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, kwa fomu ya warithi isiyotozwa kodi, na silaha hubaki mikononi mwa msimamizi mpaka kibali kitoke.