Filta ya hewa ya kuoshwa kwenye dizeli ya boti: uzoefu wangu Ziwa Viktoria

Niliyonunua ni filta ya pamba inayooshwa, ikiwa pamoja na chombo cha kuchuja mvuke wa mafuta unaotoka kwenye briza, yaani tundu la kupumulia la injini. Tumeifunga kwenye dizeli yenye turbo (feni inayoshindilia hewa kwenye injini) ya boti yetu ya abiria, kati ya Entebbe na visiwa vya Ssese.

Zamani mvuke ule ulivutwa moja kwa moja na turbo, ukashikana na vumbi na kuganda kwenye mapanga yake na ndani ya kipoza hewa. Hewa ikipungua dizeli haiungui yote, ndiyo maana boti inafuka moshi mweusi na abiria wanaokaa nyuma ya boti wanashuka na masizi kwenye nguo. Tena ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo filta ikiziba kidogo tu moshi unakusema.

Sasa moshi mweusi unatoka tu ninapoondoka gatini na mzigo, kisha unakata. Mafuta yanayochujwa yanarudi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na sakafu chini yake imekuwa kavu. Fundi wangu, mtu mgumu kusifia kitu, amekubali.

Kero ni wale wadudu wadogo wa ziwani wanaosimama juu ya maji kama nguzo ya moshi. Ukipita katikati yao filta inajaa papo hapo. Nimeivalisha wavu mwembamba kwa nje, unaopigwa brashi tukifika. Kuosha kuna adabu yake: sabuni yake maalumu, maji kutoka ndani kwenda nje, kukausha kivulini, halafu mafuta kidogo. Yakizidi, turbo inayanyonya.

Msiinunue kwa kutibu kila moshi, jamani. Wa buluu ni mafuta ya injini yanayoungua, kagueni sili za turbo na ringi za pistoni. Na kama kiwiko cha ekzosti kimejaa kaboni, moshi hauna pa kutokea hata filta iwe mpya. Gugumaji likiziba chujio la maji ya kupoza, hozi ya ekzosti itaungua kabla hamjafikiria filta.

Bei ni mara kadhaa ya filta ya karatasi. Ukiagiza, chukua filta ya akiba na sabuni kabisa, maana Kampala si kila duka la spea linayo.