Drili ya mezani kwa karakana ya nyumbani: uzoefu wangu hapa Tanga

Mashine ninayoizungumzia ni drili ya mezani ya 16 mm (yaani inashika biti hadi unene huo), mota ya wati 550, mikanda miwili, kasi 12, kutoka China. Aina hii inauzwa kwa rangi na nembo tofauti tofauti, lakini ukifungua kifuniko cha juu utakuta mpangilio ni uleule. Naitumia kwa flati baa, skwea paipu, alumini, na mbao ngumu: mninga, mvule na mtiki wa Longuza. Naipa alama 4 kati ya 5. Ile moja imepotea kwenye meza yake, nitaifikia.

Dukani utatajiwa wati kwanza. Wewe uliza kasi ya chini kabisa, maana hapo ndipo drili nyingi za bei nafuu zinapokwama. Hesabu ni fupi: kwa biti za HSS (zile za kawaida za kutobolea chuma) kwenye chuma cha kawaida, chukua 8,000 ugawe kwa kipenyo cha biti kwa milimita. Jibu ni mizunguko kwa dakika. Biti ya 6 mm inataka 1,300 hivi, ya 10 mm 800, ya 13 mm 600. Stenlesi chukua nusu ya hapo. Alumini zidisha mara mbili na nusu. Sasa tazama drili ndogo ya 13 mm yenye kasi 5: nyingi zinaanzia 500 hadi 600 na kitu. Kwa chuma cha kawaida itakufikisha, ingawa kwa kubana. Stenlesi ya 10 mm inayotaka 400 tayari umeikosa, na msumeno wa kikombe wa 50 mm, unaotaka 160, usahau. Biti ikizungushwa kupita kiasi haikati upesi zaidi. Inasugua, kona zake za nje zinaungua, na kwenye stenlesi chuma chenyewe kinakomaa palepale chini ya ncha, kiasi kwamba hata biti mpya haiingii. Yangu inashuka hadi 250 hivi. Kwa msumeno wa 50 mm bado ni juu, kwa hiyo oili inakuwa nyingi na mkono unakuwa mwepesi.

Wati zenyewe zisome kwenye kibati cha mota, si kwenye boksi. Kando yake kuna alama S1 au S2. S1 ni mota ya kufanya kazi mfululizo. S2 15 min ni ya dakika 15 tu chini ya mzigo, kisha ipoe. Mota ya wati 350 ya S1 naipendelea kuliko ya 500 ya S2, hasa kwa joto letu la Januari na Februari ambapo karakana ya bati yenyewe ni tanuri. Halafu kuna umeme. Volti 230 za TANESCO zinaposhuka jioni, nguvu ya mota za aina hii inashuka kwa kipeo cha pili cha volti: zikifika 190, inabaki kama theluthi mbili tu. Mota itanguruma bila kuwaka, au itawaka kwa kujikokota. Izime mara moja, hamishia mkanda kwenye kasi ya chini, jaribu tena. Ikinguruma hata umeme ukiwa mzuri, na ukichomoa plagi puli inazunguka laini kwa mkono, mshukiwa wa kwanza ni kapasita. Waya wa kuongezea usiwe ule mwembamba wa redio. Tumia wa 1.5 mm², na ukizidi mita 20 nenda 2.5.

Swichi iwe ile yenye vitufe viwili, kijani na chekundu, ambayo umeme ukikatika inajizima na ukirudi haiwaki mpaka uibonyeze. Umeme kukatika katikati ya tundu si ajabu. Mashine kujiwasha yenyewe wakati umeinama unachomoa biti iliyong'ang'ania ndiyo ajabu usiyoitaka. Ijaribu dukani: iwashe, chomoa plagi, irudishe. Ikiwaka, weka chini.

Kuna drili za mtumba kutoka Japani, na kwa uzito wa chuma nyingi zinazipita mpya za leo. Lakini Japani ni volti 100. Utahitaji transfoma ya kushusha, na isiwe ya wati sawa na mota, iwe angalau mara mbili, maana mota inapowaka hunywa umeme mwingi. Kama kibati kinasema 60 Hz pekee, hapa kwenye 50 Hz kasi zote zitapungua kwa sehemu moja ya sita na mota itapata joto kuliko kawaida. Ikiandikwa 50/60 huna wasiwasi.

Ukaguzi unaonisaidia zaidi dukani hauhitaji umeme. Shusha mkono mpaka mwisho, shika kibanio cha biti kwa vidole viwili, kisukume mbele na nyuma, kushoto na kulia. Mchezo mdogo sana utausikia kwenye mashine zote za bei hii. Ukiuona kwa macho, achana nayo, kwa sababu ile silinda inayoshuka ikishalegea kwenye tundu lake haina dawa rahisi. Kisha funga biti mpya ya 10 mm kichwa chini, sehemu ya shina lisilo na makali ikiwa nje. Weka kipande cha chuma kilichonyooka juu ya meza, kisogeze mpaka kikaribie shina, uzungushe puli ya juu taratibu kwa mkono. Nafasi kati yao isibadilike. Kipimo cha fila (kibati chembamba cha kupimia nafasi) cha 0.10 mm kikipita upande mmoja na kukwama upande wa pili, kuna kuyumba. Lakini usiilaumu shafti upesi. Ondoa kibanio, futa koni (ile ncha iliyochongoka ambayo kibanio kinakaa) kwa kitambaa chenye spiriti, kirudishe ukiwa umekigeuza nusu mzunguko, upime tena. Mara nyingi kosa ni grisi ya kiwandani au chembe ya chuma iliyobaki humo ndani.

Koni hiyo, kinyume na sehemu nyingine zote, haitaki mafuta. Inashika kwa msuguano mkavu. Rudisha taya zote ndani zisije zikaumia, sukuma kibanio kwa mkono, kipigie mara moja au mbili kwa nyundo ya mbao. Kibanio kinachodondoka kazini ama kina mafuta kwenye koni, ama mtu amekifungia kitu kinachosukuma kwa ubavu, kama ngoma ya msasa. Drili imetengenezwa kubeba mzigo wa kwenda chini. Wa ubavuni haiuwezi kwa muda mrefu.

Sasa meza. Ilikuja haijakaa sawa, na hili nimeliona kwenye mashine za wengine pia. Kuipima, kunja waya mnene wa 4 mm mfano wa herufi Z, fungia ncha moja kwenye kibanio, nyingine iguse meza, kisha zungusha kwa mkono. Iguse vilevile pande zote nne. Kushoto na kulia unasahihisha kwa boliti kubwa chini ya meza. Kuna pini ndogo inayoishikilia kwenye sifuri ya kiwandani, ing'oe kwanza la sivyo utakaza bure. Mbele na nyuma hakuna boliti ya kurekebisha. Kata vipande vya kopo la soda, unene wake ni kama 0.1 mm, uvipachike kati ya meza na mkono wake mpaka waya uguse sawasawa. Hata baada ya hapo, ukikandamiza biti ya 13 mm kwenye flati baa meza inainama kidogo na tundu linatoka limelala. Kwa kazi ya namna hiyo nasimamisha kigingi cha mninga kutoka kwenye kitako hadi chini ya meza. Mtengenezaji angeongeza kilo mbili za chuma hapo, nisingekuwa na neno.

Kitako kifungwe kwa boliti kwenye benchi, zote. Kichwa chenye mota ndicho kizito, na mashine isiyofungwa huanguka mbele. Kazi fupi ibanwe kwenye jiliwa. Kazi ndefu ielekeze kushoto kwako iegemee nguzo, kwa sababu biti inazunguka kama saa, na ikinasa itaisukuma kwenye nguzo badala ya tumboni. Bati jembamba hunasa pale biti inapotokea upande wa pili: libane kati ya mbao mbili. Glovu hapana, na mikono mirefu ya kanzu au shati ikunjwe.

Vinyweleo vya chuma vinavyotoka kwenye tundu vitakwambia hali ya biti. Iliyonolewa vizuri hutoa nyuzi mbili zinazolingana. Ukiona upande mmoja unatoa uzi mrefu na mwingine unga, midomo ya biti (makali yake mawili) hailingani urefu, na tundu la 10 litatoka 10.3. Vikibadilika rangi kuwa bluu, punguza kasi au ongeza oili. Alumini naikatia mafuta ya taa. Chuma cha kuyeyushwa na shaba nyeupe natoboa vikavu, bila mafuta.

Utunzaji. Hapa kwetu adui si kazi, ni hewa. Kuanzia Raskazone mpaka Chumbageni upepo unakuja na chumvi, na masika ikiingia Machi, nguzo isiyofutwa inapata madoa ya kahawia upesi. Vumbi la mbao linazidisha: linakaa kwenye meza, linanyonya unyevu, na chini yake chuma kinaliwa bila kuonekana. Kwa hiyo brashi kila ukimaliza, hata kama kesho utaendelea. Meza na nguzo natumia nta ya sakafu, ile ya kopo: paka nyembamba, acha ikauke, sugua kwa kitambaa. Oili inalinda pia, lakini inahamia kwenye mbao na vanishi haishiki hapo. Mafuta ya kupikia yaache jikoni. Yanaganda kama gundi. Silinda inayoshuka inataka matone machache ya oili ya cherehani, kisha uipandishe na kuishusha. Meno ya kupandishia meza yanataka grisi kidogo sana, maana ikizidi inakusanya unga. Kibanio kielekeze chini, taya wazi kabisa, piga brashi, tone moja kila taya. Biti usiiache imefungwa usiku kucha.

Usiifunike kwa nailoni, inafungia unyevu ndani. Kanga kuukuu inatosha. Na ile asidi ya kusafishia vigae isikae chumba kimoja na mashine hata kama imefungwa. Mvuke wake unatia kutu vyuma vyote vya humo, na watu wanasingizia bahari. Mashine ya kunolea nayo iwe mbali, vumbi la jiwe likishikana na oili ni msasa.

Mkanda ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba uingie kama 12 mm. Ukikazwa zaidi unakula beringi, ukilegea unateleza na kunuka mpira. Kelele ya kukwaruza inayobaki hata mkanda ukiutoa na kuzungusha puli kwa mkono ni beringi. Soma namba ubavuni kabla ya kwenda dukani. 6201, 6202 na 6203 zinafanana machoni lakini hazibadilishani. Chukua zenye 2RS mwishoni, zimezibwa kwa mpira pande zote mbili, vumbi na unyevu haviingii kirahisi kama kwenye zile za kibati za ZZ. Namba za mikanda ziandike kwa rangi ndani ya kifuniko mapema, kwa sababu mgongoni mwa mkanda zinafutika kabla mkanda haujaisha.