Kutoka Minneapolis hadi Seattle na sungura wawili: tathmini ya huduma ya ndege

Tulipohama Minneapolis kwenda Seattle mwezi wa Juni, vyombo vya nyumba vilitangulia kwa lori, nasi tukabaki na mabegi ya nguo na sungura wawili, Njugu na Karafuu. Kwa gari ingekuwa safari ya zaidi ya kilomita 2,600, yaani siku tatu za joto la kiangazi, na sungura hatoki jasho. Hupoza mwili hasa kwa masikio, na joto likipita nyuzi 27 au hivi huanza kutaabika. Tukaamua kupanda ndege. Mama yangu aliyeko Tanga, ambaye maisha yake yote amemjua sungura kuwa ni kitoweo, alicheka kwenye simu mpaka akakohoa: "Ama kweli sungura mjanja, kapata hadi wa kumlipia nauli!"

Kazi ilikuwa kumpata wa kuwapokea. Mashirika makubwa ya Marekani, Delta na United yakiwemo, hayaruhusu sungura kukaa na abiria, na sehemu ya mizigo sikutaka hata kuifikiria, kwa kuwa mnyama anayeweza kufa kwa joto au kwa hofu hafai kuachwa peke yake asikoonekana. Mhudumu wa simu wa shirika moja, ambalo silitaji, alinihakikishia kwamba kwao sungura na paka ni mamoja, nikalipia tiketi. Siku mbili baadaye mwenzake akasema sivyo kabisa, na fedha zangu zikarudi baada ya wiki tano. Tangu hapo neno la simu silikubali mpaka lionekane limeandikwa kwenye tiketi. Frontier hupokea sungura katika safari za ndani ya nchi, na Alaska Airlines nao huwapokea. Sisi tulichagua Alaska kwa sababu walikuwa na ndege ya moja kwa moja, ya saa nne kasoro.

Nauli ya wanyama ilikuwa dola 100 kwa begi, na begi hilo huhesabiwa kuwa ndio mzigo wako wa mkononi. Nafasi za wanyama katika kila ndege ni chache, hivyo ni lazima kupiga simu mapema na kuziweka. Lililonifurahisha zaidi ni kwamba wanyama wawili wa aina moja na wenye kimo kinacholingana wanaweza kukaa katika begi moja, maana sungura waliozoeana wakitenganishwa huathirika kuliko mtu anavyodhani. Hawa wangu ni wa mbegu ndogo, kila mmoja hafiki kilo moja na nusu. Walio na sungura wakubwa wasitumainie kuwapachika wawili pamoja, kwani begi laini linaloruhusiwa ni la sentimita 43 kwa 28 kwa 24 tu.

Begi ndilo lililonipa somo. La kwanza nililonunua lilikuwa zuri kwa macho, lenye madirisha ya wavu wa nailoni, na Karafuu aliutoboa wavu ule kwa meno usiku mmoja tu wa majaribio, tundu la kupitisha ngumi. La pili lilikuwa na wavu wa chuma na zipu zenye kifungo. Nililiacha wazi sebuleni kwa wiki tatu, nikiwalishia humo humo, mpaka wakawa wanaingia wenyewe kulala. Ndani nilitandika kitambaa cha kunyonya mkojo, juu yake nyasi kavu za kutosha, na badala ya chupa ya maji nikaweka majani ya kotimiri yaliyooshwa na kuachwa yakichuruzika.

Daktari wa wanyama alikataa katakata kuwapa dawa ya usingizi, kwa kuwa hushusha pumzi na joto la mwili pasipo mtu wa kuwaangalia, na alisisitiza wasifungishwe kula kabla ya safari. Sungura hawezi kutapika, na utumbo wake ukikosa chakula kwa muda wa nusu siku unaweza kusimama, jambo ambalo humuua upesi. Aliwachanja pia dhidi ya RHDV2, ugonjwa wa sungura wa kutokwa damu ulioenea katika majimbo ya kusini-magharibi mwaka 2020.

Kwenye ukaguzi wa usalama begi hupita kwenye mashine, lakini mnyama hutolewa na kubebwa mkononi. Hapo ndipo nilipoogopa. Tuliomba chumba cha faragha, mlango ukafungwa, nikampakata Njugu huku miguu yake ya nyuma nimeishika kwa kiganja, moyo wake ukipiga kwa kasi ambayo vidole havikuweza kuihesabu. Asiyeomba chumba hicho ajiandae kukimbizana na sungura katikati ya viatu na mikanda ya watu.

Ndani ya ndege hakukuwa na la kusimulia. Begi lilikaa chini ya kiti cha mbele, ndege ilipokuwa ikipaa nililifunika kwa kanga, na mhudumu aliuliza mara mbili kama wanahitaji kitu. Nafasi ya miguu yangu ndiyo iliyopotea. Jirani yangu hakujua tumekaa na nani mpaka tulipotua.

Jioni ile, katika chumba cha hoteli, niliwaachia bafuni juu ya taulo nikaanza kuhesabu gololi za kinyesi, kwani ndizo zinazoonyesha kwamba utumbo haujasimama. Njugu aliacha kumi na nne kabla ya saa tatu, akaendelea kula. Karafuu alijikunja nyuma ya choo, hakugusa hata kotimiri, nami nikawa nimeshachanganya ule unga wa kumlisha sungura mgonjwa kwa bomba la sindano. Saa sita na robo usiku nilisikia nyasi zikitafunwa.