Pastrami ya Katz's, New York: uzoefu wangu, na kama inastahili bei yake

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa: sandwichi moja ya pastrami (nyama ya ng'ombe iliyotiwa chumvi, viungo na moshi) pale Katz's, duka la vyakula vya Kiyahudi, inapita dola 25, soda na bakshishi mbali. Ni ghali, sibishani. Nimeila na nitaila tena, ila kwa njia moja tu: kusimama kwenye foleni ya kaunta. Meza za kuhudumiwa zipo kando ya ukuta, lakini ukikaa huko unakosa nusu ya ulicholipia.

Duka lipo tangu 1888, leo kwenye kona ya mitaa ya Houston na Ludlow, Manhattan. Mlangoni kila mtu anapewa tiketi yake, hata mtoto. Ukiagiza chochote kinaandikwa humo, unalipa wakati wa kutoka. Itunze kama pasipoti, kwa sababu ukiipoteza kuna faini ya dola 50, na hata usiponunua kitu lazima uirudishe.

Kaunta imegawanywa, kila mkataji na foleni yake. Anatoa pande la nyama linalofuka mvuke, anakata kwa kisu cha mkono, halafu anakusogezea vipande viwili vitatu kwenye kisahani uonje kwanza. Mtu wa Dar au Nairobi aliyezoea kusimama mbele ya mchoma nyama na ubao wake atajiona yuko nyumbani. Hapo ndipo pa kusema unataka iliyonona au isiyo na mafuta. Chukua iliyonona, ile kavu inakutafunisha bure. Na weka dola kadhaa kwenye kikopo cha mkataji, ndiyo ada ya pale.

Nyama yenyewe hulowekwa kwenye chumvi na viungo hadi siku 30, ikapakwa pilipili manga na giligilani, ikatiwa moshi, kisha ikaivishwa taratibu mpaka inakatika kwa uma. Viwanda vingine huidunga maji ya chumvi kwa sindano na kumaliza kazi kwa saa 36. Tofauti utaijua. Karibu na Times Square niliwahi kuuziwa pastrami iliyokatwa kwa mashine, nyembamba kama karatasi na chumvi tupu. Duka silitaji, lakini bei yake ilikuwa ile ile.

Kinachonishangaza ni kwamba hiki kilikuwa chakula cha watu wasio na kitu. Kati ya 1881 na 1924 Wayahudi wapatao milioni mbili walihamia Marekani kutoka Ulaya Mashariki, na wengi wao walibanana kwenye vyumba vya mtaa wa Lower East Side. Waliotoka Romania walikuja na ujuzi wa pastrami, New York wakaufanyia kazi kwenye nyama ya ng'ombe ya sehemu ya tumbo, ngumu na ya bei nafuu. Kufikia miaka ya 1930 jiji linakadiriwa kuwa na maduka ya namna hii yanayofuata kosher, yaani sheria za chakula za Kiyahudi, zaidi ya 1,500. Kisha watoto wakahamia vitongojini, supamaketi zikaja, kodi za pango zikapaa. Stage Deli ilifungwa 2012, Carnegie Deli mwishoni mwa 2016. Katz's imesalimika kwa sababu jengo ni lake, na hata haki ya kujenga ghorofa juu yake iliuzwa kwa mwekezaji wa jirani ili duka libaki lilivyo.

Sasa, Waislamu wenzangu mtauliza: inaliwa? Wapo wanaokula nyama ya kosher kwa kuwa imechinjwa na Watu wa Kitabu, na wapo wasiokula. Hilo kila mtu na sheikh wake. Lakini fahamuni kwamba Katz's si kosher. Wanauza Reuben, sandwichi yenye nyama na jibini pamoja, jambo ambalo dini ya Kiyahudi inakataza. Anayetaka kosher aende 2nd Ave Deli, iliyoanzishwa na Abe Lebewohl mwaka 1954. Msiitafute Barabara ya Pili (2nd Avenue): baada ya mvutano wa kodi ilifunga 2006, ikafunguliwa tena mwaka uliofuata mtaa wa 33, jina likabaki. Supu yao ya kuku yenye madonge ya matzo (mkate mkavu usio na hamira, uliosagwa) naiweka mbele ya pastrami yao.

Mkate uwe wa rai wenye mbegu za kisibiti, na juu yake haradali peke yake. Ukiomba mayonezi watakutazama vibaya, na watakuwa na haki. Matango ya achari huja na sandwichi. Mimi napenda yale mabichi-mabichi yasiyochachuka sana. Soda ya Dr. Brown's ya seleri ijaribuni mara moja, inakata mafuta vizuri ingawa ladha yake ni ya mboga. Sandwichi inatosha watu wawili. Kufika, pandeni treni ya F mshuke kituo cha 2nd Avenue, na mwende saa tisa alasiri, kabla foleni haijafika barabarani.