Jiko la Moshi la Mkaa au la Peleti: Lipi Ununue kwa Ajili ya Uani

Anayetafuta jiko la kupikia nyama kwa moshi hukutana mapema na swali la mkaa au peleti, yaani vijiti vidogo vya vumbi la mbao lililoshindiliwa. Wauzaji hupenda kulijibu kwa kuzungumzia ladha. Ladha ina nafasi yake, nami nitaifikia, lakini kabla ya hapo jiulize ni nani atakayeutunza moto kwa saa nane, kumi au kumi na mbili. Kwenye jiko la mkaa mtunzaji ni wewe mwenyewe: unafungua na kufunga matundu ya hewa, unautazama moshi unavyotoka, unaongeza mkaa inapobidi. Kwenye jiko la peleti kazi hiyo hufanywa na mota, feni na kipimajoto. Ukilijibu swali hilo bila kujidanganya, sehemu kubwa ya uamuzi imekwisha.

Saa hizo nyingi zina sababu. Upishi wa moshi hufanyika kwenye joto la chini, kwa kawaida nyuzi 105 hadi 135 za Selsiasi. Kipande kigumu kama kidari cha ng'ombe kimejaa kolajeni, protini ngumu ya nyuzi za kuunganishia misuli, ambayo hugeuka kuwa gelatini laini taratibu mno, na wapishi wengi hukiacha mpaka nyama ndani ifike nyuzi 90 hadi 96. Katikati ya safari hiyo, nyama ikiwa kwenye nyuzi 65 hadi 75 hivi, joto lake hukwama kwa saa kadhaa. Unyevunyevu unaovukizwa kutoka juu ya nyama huipoza, kama jasho linavyoupoza mwili. Mgeni wa kazi hii huingiwa na wasiwasi hapo, huongeza moto, na nyama hukauka. Kwa hiyo sifa ya kwanza ya jiko zuri, liwe la aina yoyote, ni kushika joto moja kwa muda mrefu. Mengine yote yanafuata baada ya hiyo.

Jinsi kila moja linavyofanya kazi

Jiko la mkaa huongozwa na hewa. Matundu ya chini huingiza hewa kwenye moto, ya juu hutoa moshi. Ukibana ya chini moto hulegea, ukiyaachia huchangamka. Ladha ya moshi hutoka kwenye mkaa wenyewe na zaidi kwenye mapande ya mti mkavu unayoyaweka juu yake: mwaloni, hikori, mtofaa, mcheri. Halina waya wala mota, na lililotengenezwa kwa chuma kizuri hudumu miaka mingi.

Peleti ni vumbi la mbao ngumu lililoshindiliwa kwa nguvu mpaka likawa vijiti vya unene wa milimita 6 hivi. Haihitaji gundi, kwa sababu lignini iliyomo ndani ya mti hulainika kwa joto la mashine na kuishikanisha. Ubavuni mwa jiko kuna sanduku la kumiminia peleti. Parafujo ndefu inayozungushwa na mota huzisukuma kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha moto, fito ya umeme huziwasha, na feni huzipulizia hewa na kuutawanya moshi. Kidhibiti hulinganisha joto ulilochagua na joto lililopo, kisha huamua parafujo izunguke kwa kasi gani. Joe Traeger wa Mount Angel, Oregon, Marekani, ndiye aliyebuni jiko la namna hii katikati ya miaka ya 1980. Hataza yake ilipomalizika muda mwaka 2006, kampuni nyingine ziliingia sokoni, na ndiyo maana leo kuna aina nyingi kiasi cha kumchanganya mnunuzi.

Sasa ladha. Feni ya jiko la peleti huufanya moto uungue kwa usafi mkubwa, hivyo moshi wake ni mwepesi na ladha yake ni ya upole. Mkaa wenye mapande ya mti hutoa ladha nzito zaidi, na mtu aliyezoea nyama ya mkaa ataitambua tofauti kwa tonge la kwanza. Hata hivyo, upole huo unawafaa kuku, samaki na jibini, ambavyo moshi mzito huvitia uchungu upesi. Ni kwenye vipande vikubwa vya ng'ombe ndipo nauona mkaa ukishinda waziwazi. Mwenye jiko la peleti anaweza kupunguza pengo kwa kuanza na joto la chini kabisa, ambapo moshi huwa mwingi, na kuweka ndani bomba dogo lenye matundu lililojazwa peleti zinazofuka polepole.

Mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza naipa jiko la mkaa la wima lenye bakuli la maji. Ni pipa fupi lenye kifuniko cha duara: mkaa chini, bakuli la maji katikati, nyavu mbili za nyama juu. Maarufu kuliko yote ni Weber Smokey Mountain, lililoingia sokoni mwaka 1981 na ambalo umbo lake limebadilika kidogo sana tangu hapo. Bakuli la maji hufanya kazi tatu kwa pamoja: huzuia miale ya moto isiichome nyama moja kwa moja, hulizuia joto lisiruke ghafla, na huongeza unyevu ndani. Ukijaza mkaa ambao haujawashwa kisha ukamwagia juu yake makaa machache yaliyokolea, moto hushuka taratibu, na jiko la ukubwa wa kati linaweza kwenda saa nane hadi kumi na mbili bila kuongezwa kitu. Njia hiyo inaitwa ya Minion, na inastahili kujifunza siku ya kwanza. Jiko hili linakupa ladha kamili ya mkaa kwa usumbufu mdogo, halina kifaa cha umeme cha kuharibika, na mtu mmoja hulibeba. Kwa watu wengi wanaoniuliza, jibu langu ni hili.

Nafasi ya pili ni jiko la peleti, kwa sharti kwamba kidhibiti chake ni kizuri. Vidhibiti vya kizamani huwasha na kuzima parafujo kwa vipindi vilivyopangwa, na joto huyumba kwa nyuzi nyingi juu na chini. Vile vya aina ya PID huhesabu mwenendo wa joto na kurekebisha mapema, na tofauti inaonekana hasa kunapokuwa na upepo au baridi. Muulize muuzaji swali hilo kabla hujauliza habari za simu na programu zake. Kwa mzazi mwenye watoto wadogo, kwa anayefanya kazi siku nzima, kwa anayetaka kuweka kidari usiku na kulala, jiko hili lingekuwa la kwanza, na asione haya kulichagua. Nyama iliyopikwa kwa moshi wa upole kila wiki ina faida kuliko jiko la mkaa lililofunikwa turubai mwaka mzima.

Lakini ujue unachokichukua. Bila umeme halifanyi kazi, na umeme ukikatika nyama ikiwa katikati ya safari, itakubidi uihamishie kwenye oveni au moto mwingine. Lina mota, feni na fito ya kuwashia, na vyote hivyo siku moja vitachoka, kwa hiyo uliza kama vipuri vinauzwa kimoja kimoja. Peleti zikiingia maji huvimba na kurudi kuwa vumbi, na zikifanya hivyo ndani ya parafujo huganda na kuiziba. Mengi ya majiko haya hayafiki joto kali la kubabua nyama, kwani kiwango cha juu huishia nyuzi 230 hadi 260. Kuna yenye mlango mdogo unaofunguka juu ya moto kwa kazi hiyo. Nayapendelea hayo.

Nafasi ya tatu ni kamado, jiko nene la kauri lenye umbo la yai ambalo asili yake ni Japani. Ed Fisher alianza kuyauza Atlanta mwaka 1974, na biashara yake ikawa Big Green Egg. Kauri hushika joto kwa namna ambayo chuma chembamba hakiwezi. Linatumia mkaa kidogo, linahitaji hewa kidogo, na kwa sababu hewa inayopita ndani ni chache, nyama hubaki na maji yake. Hilohilo moja hufukiza kwa nyuzi 110 na kuoka piza kwa zaidi ya 300. Kwa nini basi ni la tatu? Kwanza, ukilipandisha joto kupita kiasi, litachukua muda mrefu mno kushuka, na anayeanza hupitiliza karibu kila mara. Pili, la ukubwa wa kawaida huzidi kilo 70, na likianguka hupasuka. Likipata mahali pake lisihamishwe, mwenye subira hatalijutia.

La nne ni jiko la kawaida la mkaa la duara lenye kifuniko, lile ambalo George Stephen alilibuni mwaka 1952 kwa kukata boya la chuma katika kiwanda cha Weber Brothers, Chicago. Halikutengenezwa kwa ajili ya kufukiza, lakini ukipanga briketi, yaani vitofali vya mkaa uliosagwa na kushindiliwa, kwa mstari uliopinda ukingoni, ukawasha ncha moja tu na nyama ukaiweka upande usio na moto, utapata saa kadhaa za joto la chini. Kama tayari unalo, usinunue kitu kingine mpaka umelipikia hivyo mara kadhaa. Litakuonyesha kama kazi hii unaipenda.

La mwisho ni lile lenye sanduku la moto pembeni, ambalo huvutia macho kuliko yote dukani. Lililotengenezwa kwa bati nene na kuchomelewa vizuri, likichochewa kuni tupu, hutoa nyama ambayo sijui jiko lingine linaloipita. Ila linataka mtu wa kulikaa karibu na kulitia kuni karibu kila nusu saa au saa, mchana kutwa. Matoleo ya bati jembamba yanavuja moshi kila kona na kupoteza joto hadi ukate tamaa, na hayo ndiyo yanayouzwa kwa wingi kwa wanaoanza. Kama huwezi kununua la bati nene, liache.

Vitu vya kukagua kabla ya kulipa

Funga kifuniko na upitishe kidole kwenye kingo zake. Mwanya unaoonekana kwa macho utavujisha hewa, na kwenye jiko la mkaa hewa isiyodhibitiwa maana yake ni joto lisilodhibitiwa. Sukuma matundu ya hewa uone kama yanateleza vizuri na kufunga kabisa. Kwenye la peleti, uliza kama kuna mlango wa kutolea peleti zilizobaki sandukuni, maana bila huo utazichota kwa mkono kila unapobadilisha aina ya mti. Tazama pia jinsi kikombe cha moto kinavyofikiwa ili kutoa majivu. Majivu yakijaa humo, moto hushindwa kuwaka, peleti hurundikana, na mrundikano huo ukija kushika moto kwa pamoja ni hatari. Mafuta nayo yaondolewe mara kwa mara, kwani moto wa mafuta ndio ajali inayotokea sana kwenye majiko haya.

Usikiamini kipimajoto kilicho juu ya kifuniko. Kinapima hewa ya juu, nyama iko chini. Nunua kipimajoto cha kidijitali chenye vichomeo viwili, kimoja cha kukaa kwenye wavu na kingine cha ndani ya nyama. Kuku yuko salama akifika nyuzi 74 ndani, na hilo huwezi kuliona kwa macho, hasa kwa kuwa moshi huipa nyama rangi ya waridi hata ikiiva.

Kuhusu kuni na mkaa, nitasema machache. Briketi huungua kwa usawa na zinamfaa anayeanza, ila kwenye kamado tumia mkaa wa mapande, kwa sababu majivu mengi ya briketi huziba hewa. Epuka mkaa uliotiwa mafuta ya kuwashia. Harufu yake huingia kwenye nyama. Usiloweke mapande ya mti majini: yatafuka mvuke kwanza na kuchelewesha moshi. Msonobari una utomvu unaoleta uchungu na masizi, na mbao zilizopakwa rangi au dawa zisikaribie chakula kabisa. Moshi mzito mweupe unaotoka mwanzoni ni wa moto usiokolea, subiri uwe mwembamba, wa samawati, ndipo uweke nyama. Peleti zihifadhiwe kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, ndani ya nyumba.

Jiko lenyewe libaki nje. Mkaa na peleti vyote hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na gereji iliyoachwa mlango wazi haitoshi kuwa salama. Tafuta sakafu isiyoshika moto, mbali na ukuta wa mbao, mahali ambapo upepo haupigi moja kwa moja. Siku ya kwanza liwashe tupu kwa muda ulioelezwa kwenye kijitabu chake, ili mafuta ya kiwandani yaungue. Kisha anza na kuku. Huiva kwa saa chache, na kwa muda huo utakuwa umeanza kuuelewa moto wa jiko lako kabla ya kulikabidhi kidari.